Mtoto wa Mkongwe

Sauti ile niliisikia saa moja asubuhi: mlio mwembamba, unaokatika na kuanza upya, kutoka juu ya mti ambao kundi lilikwisha kuuacha. Mtoto wa mbega akilia hivyo kwa dakika kumi bila kunyamazishwa, maana yake hakuna aliyembeba. Niliangalia saa, nikaandika.

Kuandika nilifundishwa siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha wanyamapori huko Makete, chumba kimoja chenye jiko la mkaa lililowaka kutwa kwa sababu ya baridi. Mkuu wa Kituo alifungua daftari katikati, akanikabidhi.

"Kulia andika ulichokiona. Kushoto, unachodhani. Siku ukichanganya kurasa hizi, rudi kwenu ukalime viazi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baadaye nilihamishiwa Ludewa, kisha Njombe, chini ya Mhifadhi Mkuu aliyenisukuma nisome shahada ya uzamili wakati nimebakiza miaka michache nistaafu. Nilichagua swali lililonihusu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri: mnyama wa porini akizeeka, ni kipi kinachotangulia kumwacha, uzazi au uhai? Jibu hudai kumfuata mnyama mmoja mmoja kwa miaka. Mbega wetu tuliwatambua kwa makovu na umbo la mkia. Umri wa wakubwa tuliukadiria kwa meno, kwa kuwa yakilika mnyama hutafuna sana na kushiba kidogo. Jike tuliyemwita Mkongwe, kila alipopiga miayo, darubini ilinionyesha visiki vitupu.

Mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, na majike hupokezana kumbeba. Mama hujulikana kwa kunyonyesha, si kwa kubeba. Kundi lilipopata mtoto mweupe, mara nyingi nilimkuta kifuani pa Mkongwe, mara chache kwa Kovu, jike kijana niliyeamini kuwa ni binti yake. Kunyonya sikukuona; ukungu na majani vilinizuia. Hata hivyo niliandika, tena ukurasa wa kulia: mama, Kovu, bibi, Mkongwe. Nililelewa na bibi yangu mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe. Mtaani kwetu mwanamke mwenye uso wa kizee akibeba mtoto, hakuna anayeuliza ni mjukuu au la.

Mgaya, mlinzi wa msitu niliyetembea naye, alinitania. "Dada, unawatangazia ukoo hao kama mchungaji anayetangaza ndoa. Umewauliza?"

Asubuhi ile ya kilio hakutania. Mkongwe haonekani, alisema, na huyu ni wake. Tumpigie daktari wa mifugo mjini angalau atushauri. Nilimkatalia. Nilimweleza, kwa utulivu ninaouonea aibu leo, kwamba mama yupo hai na tukiingilia tutamfukuza. Kweli Kovu alirudi, akamkumbatia mtoto. Nikamtazama Mgaya kama mtu aliyeshinda kesi. Mtoto alitafuta titi, akahangaika, na baada ya muda Kovu akamweka tawini, akaondoka. Hilo nalo nililitafutia maelezo: mama mchanga, hajazoea.

Siku ya pili mlio ulikuwa mfupi. Siku ya tatu haukuwapo.

Mgaya aliwakuta Mkongwe na mtoto wamekufa chini ya miti, hatua chache kati yao. Mkongwe alikuwa amekonda, mifupa na manyoya tu, ila matiti yalikuwa yamejaa. Nilipopitisha kisu, maziwa yalitoka. Mgaya alivua kofia, akasogea pembeni.

Tasnifu yangu ilikuwa imekwisha kupitishwa. Hitimisho lake lilisema kwamba majike wazee huacha kuzaa mapema kabla ya kufa, na Mkongwe ndiye aliyekuwa nguzo ya hoja hiyo. Ukweli ulikuwa mgumu zaidi: uzazi haukumwacha. Mwili ulizaa, kisha ukashindwa kuishi mpaka mtoto aachishwe ziwa. Nilijiambia mnyama mmoja habadilishi kitu. Nilistaafu, nikapewa blanketi na hotuba nzuri, na kila asubuhi nikaamka saa moja.

Wiki iliyopita nilipanda basi kupeleka nakala zikajalidiwe. Liliposimama Makambako nilishuka na bahasha yangu, likaniacha. Nilisimama kwenye upepo ule, nikampigia Msimamizi wangu wa chuo, kijana wa umri wa mwanangu.

"Mama, umefika wapi?"

"Makambako. Sijalidi. Sura ya nne si kweli."

Aliniuliza kama ninajua kwamba kazi itarudi kwa watahini na pengine shahada isitoke. Nilisema ninajua.

"Basi nieleze taratibu. Uliona nini hasa?"

"Jike mzee amebeba mtoto," nilisema. "Ni hilo tu nililoliona. Mlinzi alitaka tupige simu siku ile ya kwanza, nikamkataza."