Kadi ya Shemeji Yaenda Kukaguliwa

Watu huniuliza kama kampuni zinazokagua kadi za wachezaji, zile zenye picha ambazo watu hukusanya, ni za kuaminika. Huwa nawasimulia habari ya kadi ya marehemu shemeji yangu, mume wa dada.

Shemeji alikuwa akihudumia wazee majumbani kwao, huku Ilford, London. Mzee mmoja Mwingereza alimpa kadi yenye picha ya mchezaji wa mpira wa zamani, akamwambia anayo tangu utotoni. Shemeji alitembea nayo mpaka alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Dada akampelekea muuza kadi mmoja sokoni, si kwa kuiuza, ajue tu kama ina thamani. Yule akaiwekea rula. Ni ndogo kuliko inavyotakiwa, akasema. Feki.

Dada alikuja kwangu amevimba. “Kwa hiyo yule mzee alikuwa anamcheka mume wangu? Amwogeshe, amlishe, halafu yeye ampe takataka?”

Nikamshauri tuitume kwa wakaguzi, Marekani. Akataka kwanza aipige lamineti, kama tunavyofanya vyeti vyetu nyumbani.

“Dada, ukiipiga lamineti umeiua.”

“Na ikilowa njiani?”

“Tutaifunga vizuri.”

Binti yake akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama anahangaika utadhani anasafirisha mtoto mchanga.

Mkaguzi hajali nani kakupa kadi, wala unaipenda kiasi gani. Hutazama kona, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Karatasi na wino huvichungulia kwa kioo cha kukuzia. Kadi nzuri hupewa alama, kumi ikiwa ya juu kabisa, kisha hufungiwa ndani ya kasha la plastiki gumu. Wanaweza kukosea, ni binadamu. Lakini wao hawanunui kadi yako, na kwa sababu hiyo mimi huwasikiliza kuliko mtu wa sokoni. Kama unatuma kwa mara ya kwanza, usiogope; ila usiifute, wala usiinyooshe. Itume ilivyo.

Yetu ilirudi baada ya miezi kadhaa, bila alama. Lebo ilisema: halisi, kingo zimekatwa. Nikamweleza dada kwamba karatasi ni ya zama zile na wino pia, ila kuna mtu aliipunguza pembeni, ndiyo maana rula iliikataa.

Akaligeuza kasha, akaligeuza tena. “Mkasi wangu!”

“Mkasi gani?”

“Wa kushonea. Nilimkuta anakatia karatasi, mkasi wa kitambaa! Eti anapunguza kitu kiingie kwenye kipochi cha pasi ya basi. Nilimnunia wiki nzima, wala sikuuliza kitu gani.”

“Basi aliyeiharibu ni shemeji.”

“Kaiharibu mwenyewe,” akasema, sasa anacheka. “Mzee wa watu hana kosa.”