Mwiko Ataka Kujua Tumboni Kuna Nini

Mafundi wenzake walimwita Mwiko, kwanza kwa kazi yake ya kupiga lipu, pili kwa sababu hakuna aliyethubutu kugusa ukuta wake kabla haujakauka.

Kwa miezi minne alipata choo cheusi kama lami, na akipanda jukwaa anahema. Dawa za vidonda vya tumbo hazikufua dafu. Siku aliyoshikwa na kizunguzungu orofa ya pili alishuka mwenyewe, akaosha mikono, akaenda moja kwa moja hospitali.

Walimtundikia damu chupa mbili. Kisha daktari wa upasuaji, mama mwembamba asiye na maneno mengi, akamshushia kooni mpira wenye kamera. Akaona uvimbe wa ukubwa wa limau, umejificha chini ya utando wa tumbo, na juu yake kidonda kinachovuja damu. Vinyama alivyochota hapo vilirudi kutoka maabara havina neno.

"Basi ni salama," alisema dada mkubwa wa Mwiko, aliyekuja kumuuguza. "Twende nyumbani."

"Salama gani? Wamekwangua lipu, tofali hawajaligusa. Sivyo, daktari?"

Daktari alicheka kidogo. "Ndivyo. Hata picha haziwezi kuapa kama ni saratani au siyo. Dawa ni kuutoa mzima, na kipande cha tumbo kinachouzunguka, ndipo tuupime."

"Mdogo wangu, kisu kikiugusa si utasambaa?"

"Ukipasukia ndani, ndiyo hatari," alijibu daktari. "Ndiyo maana nitautoa bila kuupasua."

"Utoe," alisema Mwiko. "Siwezi kuishi na kitu nisichokijua jina."

Upasuaji ulichukua saa mbili, kwa matundu madogo manne. Dada mtu alikaa kwenye benchi muda wote, kakumbatia viatu vya mdogo wake. Siku ya tatu Mwiko alitembea ukumbini, mkono tumboni, akisonya kila alipoona ufa ukutani.

Majibu yalichukua wiki mbili.

"Uvimbe uliota kwenye ala, ule utando unaofunika neva ya tumbo," daktari alisema. "Si saratani, na tumeumaliza wote. Ni wa nadra. Mimi mwenyewe nilikuwa nausoma vitabuni tu."

Dada alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mwiko aliuliza lini atabeba ndoo ya saruji.

"Baada ya wiki sita."

"Nne?"

"Sita, Mwiko."

Akakaa sita, kanuna.