Nambari Niliyoiona Nikanyamaza

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja huko Kitale, mwaka ule nilipooa, nikiwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha kuwatosha vijana watatu. Nilifanya kazi katika gereji ya Fundi Juma, mzee aliyenifundisha yote niliyoyajua kuhusu magari. Usinicheke; siku hizo fundi wa magari alisalimiwa kama daktari.

Mzee Wanyonyi wa Mabanga alituletea gari lake likikohoa. Dada yake alikuwa anazikwa siku hiyo hiyo, saa nane.

"Fundi, nisaidie nifike nimwone uso mara moja tu," alisema.

Fundi Juma akafungua distributa, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi. Ndani yake mna pointi, vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili moto uwake. Nafasi kati yao hupimwa kwa fila, yaani vibati vyembamba vilivyofungwa pamoja, kila kimoja kimeandikwa nambari ya unene wake. Gari lile lilitaka kumi na tano. Fundi Juma akanyoosha mkono mbali na uso, akakodoa macho, akachagua kibati. Mimi nilikuwa upande wa pili wa injini, nikaiona nambari waziwazi. Ilikuwa kumi.

Nikanyamaza. Mimi ni nani, nilijiambia, nimsahihishe mwalimu wangu mbele ya mteja? Hiyo niliiita heshima. Gari likawaka, Mzee Wanyonyi akatushukuru sana, akaondoka mbio.

Lilizimika njiani kabla ya Kamukuywa, pointi zimeungua kwa kukaribiana mno. Alipopata lifti na kufika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kesho yake alirudi gereji. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilimkosa," akaketi juu ya tairi, akalia. Mwanangu, kilio kile kinaniuma hata leo.

Fundi Juma alinitazama, akaniita nyuma ya gereji.

"Simiyu, si ulikuwa hapo? Uliona?"

"Niliona, fundi. Niliogopa kukuaibisha."

Nilingoja matusi. Badala yake akashusha pumzi.

"Macho yangu yameanza kunitoroka, bana. Nilidhani hakuna mtu anajua. Ungeniambia polepole, 'Fundi, hebu tupime tena.' Ningekasirika, ndiyo, lakini hasira yangu ingeisha na kikombe cha chai. Sasa huyu mzee tutamrudishia nini?"

Tulirudi tukamwambia Mzee Wanyonyi ukweli, kila mtu kosa lake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatushika mkono, ingawa hakuleta gari tena. Tangu siku hiyo, mimi nilisoma nambari, na Fundi Juma akavuta kibati kwa vidole vyake, ambavyo bado vilijua kuliko vyangu mahali kinapokwama kidogo inavyotakiwa. Tulifanya hivyo miaka mingi, wala hakuna mteja aliyemdharau.

Basi sikia. Ukimwona mkubwa wako anakosea, usimwache peke yake na kosa lake. Mwite kando, sema kwa upole, lakini sema kabla gari halijaondoka. Na hilo nakuomba unitendee mimi mwenyewe, maana nimezeeka, na kuna siku nitakukaripia ukiwa umesema kweli. Hata nikikukaripia, wewe usinyamaze. Mungu akupe ulimi wa upole na moyo usioogopa, na siku utakapokosea wewe, akuwekee karibu mtu wa kukwambia.