Siku Nilipomwita Meneja Kaidi

Jamani, aibu hii nimeimeza miaka mingi, lakini kwa kuwa mmeshaanza kucheka hata sijafungua mdomo, acheni niwape yote.

Enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, nikiwa msaidizi kwenye kombaini, nilichaguliwa kusoma risala ya wafanyakazi mbele ya meneja mpya. Ombi letu lilikuwa moja tu, lori la shamba lipeleke wagonjwa hospitali ya Haydom, na mimi nililitaka kuliko wote, maana mimba ya mke wangu Paulina ilikuwa imefika mwisho na mkunga alishasema mtoto amekaa vibaya. Sasa badala ya kusoma kilichoandikwa, nikaona niongeze utamu kidogo!

Rafiki yangu Shabani, fundi wetu kutoka Kondoa aliyesoma madrasa, alikuwa akinifundisha Kiarabu tukila chakula kwenye kivuli cha kombaini. Safari hiyo alinipa neno kaidi, yaani kiongozi, tena kwa mifano: "Al-kaidu shujaa," kiongozi ni shujaa, "Al-kaidu hadhiri," kiongozi yupo. Ile k ya mwanzo hutoka kooni kabisa, na sisi Wairaqw koo hilo tumezaliwa nalo (Shabani mwenyewe alinipigia makofi). Kichwa kikavimba!

Siku ikafika, uwanja umejaa, kipaza sauti kinakoroma, nikaamkia, "Shikamoo Ndugu Meneja!" kisha nikapaza, "Wewe ndiye kaidi wetu! Kaidi shujaa! Sote tunampenda kaidi!" Nikanyamaza nisubiri makofi. Watu wakatazamana. Kumbe kipaza sauti kimemeza koo langu lote, watu wamesikia kaidi ya Kiswahili, ile anayoambiwa mtoto akikataa kuoga. Nikamtafuta Shabani kwa macho, nikamwona ameinama anafunga kamba za viatu (alikuwa amevaa kandambili!).

Meneja akasimama. "Mimi ni kaidi?"

"Ndiyo, Ndugu Meneja, tena mkubwa!" nikajibu, maana nilidhani amefurahi.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Haya," akasema. "Kaidi hasikii maombi. Lori halitoki."

Hapo ndipo Paulina alipoinuka kwenye benchi la akina mama, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Shikamoo baba. Huyu alitaka kusema kiongozi, ila anapenda kujionyesha. Lori tunalihitaji mimi na huyu wa tumboni. Yeye hata akienda kwa miguu ni sawa tu."

Meneja akamtazama, mabega yakaanza kutikisika, kumbe anacheka. "Lori litatoka," akasema, "na msomaji apande nyuma."

Wiki haikuisha nikawa nyuma kweli, nimeng'ang'ania turubai, vumbi mpaka kwenye meno, naimba njia nzima! Paulina akajifungua salama, mtoto wa kiume.

Tangu siku ile kiongozi namwita kiongozi, na nikiona kipaza sauti napita mbali. Mtoto naye wenzangu walimwita Kaidi, jina likamganda. Shabani anaapa ni lile la Kiarabu. Muulizeni mama yake aliyemlea kama si lile la Kiswahili.