Nafasi Sita za Watoto

Mwanangu, nakumbuka siku moja kule bondeni Momba nilipomwambia baba wa watu achague watoto wake. Nitakueleza nilivyofika hapo, na usinikatize, maana nikikatizwa nitaanza kujitetea.

Nilikuwa mpiga chapa wa shirika dogo pale Tunduma, foleni ya malori ya mpakani ikifika hadi mlangoni kwetu. Kompyuta ilipoletwa ofisini, mimi ndiye niliyetangulia kuijua, na fomu zote nilitengeneza mimi. Wakubwa walizishika na kusema huyu dada ni fundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilipenda fomu yangu iishie ukurasa mmoja, mistari imenyooka, sahihi chini kabisa, hata kama maneno ya mwenye kujaza hayatoshi.

Kisha akaja Atupele, binti wa Mbozi, mpole, aliyeniamkia kila asubuhi kwa kupiga goti. Nilimchukia hata kwa huo upole wake. Shirika lilitaka kuandikisha watoto wa kaya za bondeni, kila atakayeandikwa apate kadi ya kutibiwa bure. Mimi nikatengeneza fomu yenye nafasi sita za watoto. Nyumbani kwetu Hasamba tulizaliwa sita, na sikujisumbua kuuliza kwingine wako wangapi. Atupele akatengeneza ya kwake: ukiandika jina kwenye nafasi ya mwisho, nyingine inafunguka chini yake, na sehemu ya sahihi inasogea yenyewe kumpisha mtoto. Mwenye mtoto mmoja haachiwi nafasi tano tupu. Niliijaribu peke yangu wenzangu walipokwenda kula, nikitafuta kosa. Nikalikosa, nikazidi kuumia.

Hasidi hana sababu. Nilikwenda kwa mkuu wetu nikamwambia fomu ya yule binti itatoka kurasa mbili, karatasi zitaachana njiani, watoto wa huyu wawe wa yule. Akaniamini kwa ajili ya miaka yangu kazini. Fomu yangu ikachaguliwa, na ya Atupele ikabaki humohumo kwenye kompyuta bila kufunguliwa.

Huko bondeni, nilikoibeba kompyuta ndogo ya ofisi yenye fomu zote mbili, mtu wa nne kuketi mbele yangu alikuwa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Nyuma yake walisimama watoto kumi na mmoja, wameogeshwa na kupakwa mafuta. Akataja majina polepole, nami nikaandika. La saba halikuingia. Nikamwambia fomu imejaa, achague sita.

Hakukasirika. Aliwatazama mmoja mmoja, mpaka mdogo wao Minza, aliyebebwa mgongoni na dada yake, akikohoa. Kisha akaniuliza, "Binti yangu, kwenu ng'ombe wakizaa, zizi mnalifanyaje?"

Nikajibu kwamba tunalipanua.

"Basi mimi sijaona bado mtu wa kumwachia fisi ndama kwa sababu zizi lake ni zuri."

Nilijua dawa ya aibu ile ilikuwa mikononi mwangu, imeandikwa jina la Atupele. Na bado nilisita, mwanangu. Mtoto anakohoa, nami nawaza nani atasifiwa. Mwishowe nikaifungua fomu yake. Likaingia la saba, la nane, la tisa. Hata hapo nilikuwa naomba ikwame kwenye la kumi, nipate angalau la kusema. Haikukwama. Minza akaingia wa kumi na mmoja, sahihi ikashuka chini yake. Nikawaita tena wale watatu waliotangulia. Mmoja wao alikuwa amewaacha wawili nje ya fomu bila kuniambia.

Niliporudi nilimweleza mkuu ukweli, akanikemea ipasavyo. Kisha nikamwendea Atupele nikaungama yote, nikisubiri anitukane. Akauliza neno moja tu.

"Dada, majina yote yaliingia?"

Nikasema yote. Akashukuru Mungu, akarudi kwenye kazi yake. Siku ile nilimwonea wivu kuliko siku zote, maana sasa niliutamani moyo wake. Mpaka leo jina lake likitajwa, kitu kinanichoma hapa kifuani, ila nimejifunza kukiambia kikae chini.

Nawe unayetengeneza fomu za kujazwa kwenye simu, usianze na uzuri wa ukurasa. Uliza kwanza ni nani mwenye wengi na ni nani mwenye mmoja, kisha uipange fomu iwafuate wao. Na wivu ukikupata, maana utakupata, usiukabidhi kazi ya kuamua. Kizuri chajiuza. Kikiwa cha mwenzio, kibebe ukakifikishe kwa wanaokihitaji.

Mungu akujalie uzao, mwanangu, na popote watakapoandikwa wanao, asiachwe nje hata mmoja.