Moto Usio na Moshi

Bati likipigwa na jua la saa nne hulia. Ta, ta, ta, linanyamaza kidogo, halafu ta tena, utadhani kuna mtu anatembea juu yake na viatu vya kisigino. Wenzangu wakiisikia sauti hiyo wanatabasamu, wanasema inawakumbusha kwao. Mimi inanipandisha hasira mpaka leo. Nimelala kwenye nyumba nyingi, hapa Ngara mjini na kule Nyakahura nilikofundisha miaka mitatu, na kila bati linapoanza kulia asubuhi nakumbuka kiangazi kimoja cha kijijini kwetu Murukulazo, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alipomaliza kujenga nyumba yake na kuanza kutubanika humo mchana na kutugandisha alfajiri.

Sifa za nyumba ile nilizisikia mpaka zikanichosha. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, sakafu ya saruji, madirisha ya mbao yanayofungwa kwa komeo. Dari haikuwepo, maana kahawa yote ya mwaka ule iliishia kwenye bati, na bati lenyewe lilikuwa jembamba, jiwe la mtoto likilipiga linabonyea. Kati ya ukuta na bati ulibaki mwanya wa kupitisha kiganja, kuzunguka nyumba nzima. Saa saba mchana humo ndani hapakukalika. Mshumaa wa mama wa kusalia uliinama mezani ukalala kabisa, na mafuta ya kupaka yakawa maji kwenye kopo. Kumbe hiyo ilikuwa nafuu. Kiangazi chetu cha milimani kina baridi ya kukata mifupa, na ilipofika saa kumi na moja alfajiri upepo wa bondeni uliingia kwa ule mwanya, na chini ya bati kukawa na matone yanayotudondokea usoni wakati nje hakuna mvua wala dalili ya mvua. Tuliamka blanketi zimelowa. Baba akiulizwa anasema tutazoea, nyumba za kisasa ndivyo zilivyo. Mgeni akija anaoneshwa sakafu kwanza, halafu komeo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini watoto wa mle ndani wanakohoa.

Hatua kama ishirini kutoka hapo ulisimama msonge wa bibi, mama yake baba, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi mpaka karibu na ardhi, mzee kuliko baba mwenyewe. Usidhani nitausifia. Ulinuka moshi, mbuzi na ugoro. Macho ya bibi yalikuwa mekundu siku zote kwa sababu ya moto wa kuni usiozimika katikati ya nyumba, na nyasi za ndani zilikuwa nyeusi, zinadondosha masizi kwenye uji. Baya zaidi, nyufa za ukuta na sakafu ya udongo zilijaa papasi, wale wadudu wanaotoka gizani kunyonya damu. Mimi mwenyewe homa ya papasi ilinishika nikiwa na miaka sita baada ya kulala kwa bibi, inapanda, inashuka, inapanda tena, na baba alinibeba kwa baiskeli mpaka zahanati huku analia waziwazi njiani. Hilo lazima nilitaje, ingawa sina hamu ya kumtetea. Tangu siku ile hakuuita msonge ule nyumba. Aliuita kiota cha papasi, na bibi alipomsikia alimjibu kwamba huyo baba mwenyewe alizaliwa kwenye kiota hicho hicho, na yeye mama yake hakumbuki kama alilalamika.

Bibi alikuwa na mdomo mchafu. Hakumpenda mama yangu, akasema hivyo, na mama naye hakumpenda bibi, akanyamaza. Miaka kumi ya ndoa bibi alimwita mama "wee mwanamke", na mama akimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku anatazama pembeni. Kwa hiyo fikiria hali ilivyokuwa mbaya mpaka mama akaenda kugonga kwake. Deus, mdogo wangu, alizaliwa kwenye zahanati kabla ya wakati wake, njiti, mdogo hata kofia ya kichanga ilimfunika macho. Nesi alimwambia mama hatari kubwa ya mtoto kama huyu ni baridi, amfunge kifuani ngozi kwa ngozi, na akichoka ampokee baba. Baba alicheka. "Mimi nibebe mtoto kifuani kama nyani? Mke wangu ana nyumba." Kesho yake akasafiri kwenda Ngara mjini kwa shughuli zake, wiki nzima. Usiku wa kwanza mtoto alikuwa wa baridi miguuni hata akiwa kifuani kwa mama, na mchana wake alikuwa mwekundu, anahema, mama anampepea kwa kanga. Siku ya pili, jua lilipoanza kushuka, mama alijifunga kanga, akambeba Deus, akaniambia nichukue blanketi, tukavuka ule uwanja.

Bibi alitutazama mlangoni kwa muda mrefu. "Nyumba ya mume wako imekushinda?" akauliza. Mama akasema ndiyo, imemshinda. Sikuwahi kumwona mtu akikubali kushindwa kwa haraka vile. Bibi akasonya, akamfukuza mbuzi, akaburuta kitanda chake karibu na moto, akamwaga maji ya moto kwenye nyufa za ukuta na kusugua majivu kwenye miguu ya kitanda ili papasi wasipande. Halafu akalala chini. Siku sita walikaa pale. Moshi uliwaliza wote, mama alikohoa, bibi alitukana kila kitu kuanzia kuni mbichi mpaka ukoo mzima wa mama, lakini ndani ya msonge joto halikubadilika, mchana na usiku ni lile lile, na moshi ulipenya polepole kwenye nyasi na kutoka. Deus akaanza kunyonya kwa nguvu. Mama alipomwosha siku ya sita aliniita nione mashavu.

Baba akarudi siku hiyo hiyo. Alipokuta nyumba yake tupu na mtoto wake wa kiume kwenye msonge, alisimama uwanjani akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Papasi walitaka kuniulia Leonia, sasa mnawapelekea na huyu!" Bibi naye alitoka akamwambia, "Stefano, kama umejenga tanuri usiwalazimishe wenzako wawe mkate." Majirani wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuponza. Baba aliwatoa mama na mtoto, akawaingiza kwenye nyumba yake, na asubuhi iliyofuata akaniita.

"Leonia!"

"Abee baba."

"Lete maji. Leo tunaziba."

Tulikanyaga udongo na nyasi kavu, mimi nikampandishia kwa karai, yeye juu ya ngazi akaziba ule mwanya wa bati, chumba cha mama kwanza, kwa uangalifu, akalainisha kwa kiganja mpaka usione pengo hata la kupita nyuki. Dirisha akalifunga na kujaza magunia kwenye nafasi za mbao. Jioni akaleta jiko la mkaa alilolinunua mjini. Alituonesha kama mwalimu anavyoonesha ramani. Kuni zina moshi, alisema, moshi ndio unaoua macho na kifua, mwangalieni bibi yenu. Mkaa ukishika vizuri hauna moshi kabisa, ni moto wa watu wastaarabu. Na sisi tuliamini. Pale kwetu kila mtu alijua moshi ni mbaya, basi moto usio na moshi utakuwa na ubaya gani? Nikapewa kazi. Kila alfajiri niwashe jiko nje, nilipepee mpaka moshi uishe, ndipo niliingize chumbani kwa mama na kufunga mlango. Niliifanya kazi hiyo kwa majivuno, nikihesabiwa mkubwa.

Siku ya kwanza mama alisema kichwa kinamgonga. Siku ya pili alitapika, baba akasema ni uchovu wa uzazi. Siku ya tatu baridi ilizidi, nikajaza mkaa mwingi kuliko kawaida, kwa mapenzi yangu mwenyewe, ili mdogo wangu apate joto. Nikakaa humo nao kidogo, kisha miguu ikawa mizito na kichwa kikaanza kuzunguka, nikatoka nje kutapika nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa limekwisha toka. Bati likaanza kulia. Nilipomaliza kunawa nikaingia kumweleza mama kwamba naumwa, nikamkuta amelala kaacha mdomo wazi, nikamwita hakuitika. Nilipiga ukelele, na wa kwanza kufika alikuwa bibi, anakimbia na kanga moja. Alimburuta mama kwa makwapa mpaka uwanjani, kikongwe yule, sijui nguvu alizitoa wapi. Hewa ya nje ilimrudisha mama taratibu. Deus haikumrudisha. Baba alimkimbiza zahanati kwa baiskeli na akarudi naye kabla ya adhuhuri, amefunikwa uso.

Tulizika kesho yake. Watu walipouliza mtoto alikuwa na nini, baba alijibu bila kusita: papasi. Siku sita za msonge, homa ikamwingia, njiti ana nguvu gani ya kuhimili? Wiki haikuisha akaleta vijana na kamba, wakauangusha msonge wa bibi, nyasi wakazichoma. Bibi alikaa kwenye jiwe akitazama. Nilikuwa na hakika atatukana, nilimngoja atukane, na hakutukana. Mdomo ule wote uliisha siku hiyo. Akahamishiwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya bati, akawa anatetemeka alfajiri na kutota jasho mchana, hadai chochote. Mara moja tu aliniuliza, tukichambua maharage, kama ninakumbuka vizuri: je, majivu aliyapaka miguu yote minne ya kitanda, au aliusahau mmoja? Nikasema sikumbuki. Nilikumbuka kabisa. Aliipaka yote minne. Lakini mimi nilijua jiko limenitapisha, nilijua nani alilijaza, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo tu nitapelekwa jela. Bibi akafa baada ya masika mawili, akiamini amemuua mjukuu wake. Sijajisamehe, na sitaki mtu aniambie nilikuwa mtoto.

Siku hizi Murukulazo huoni msonge. Bati zimekuwa za rangi, nyekundu, bluu, na vijana bado wanaezeka bila dari halafu wanashangaa kwa nini wanaungua. Nyumba ninayoishi ina dari na matundu ya hewa, nimeyahesabu kabla sijalipa kodi, mwenye nyumba akaniona kichaa. Njiti wakizaliwa, wauguzi wanawafunga kifuani kwa mama zao, na nimewaona kwa macho yangu akina baba wamevua mashati, wamekaa kwenye benchi la hospitali na vichanga vyao, hawamwonei mtu aibu. Nilipita pale nikalia kwa hasira. Maarifa hayo hayo tulipewa zahanati, bure, na mtu mmoja akacheka.

Mama alifariki bila ya sisi wawili kulizungumza. Baba yupo, peke yake kwenye nyumba ile, nimemwekea dari kwa mshahara wangu na haachi kulalamika kwamba fundi alimharibia. Likizo iliyopita nilimpelekea wanangu. Alikuwa amejifunika koti sebuleni, akawa anawasimulia habari za zamani, jinsi watu walivyoishi kwenye nyasi na wadudu, na jinsi mjomba wao mdogo alivyouawa na papasi wa msonge wa bibi yangu. Binti yangu wa pili akasema, "Huyo bibi alikuwa mbaya." Baba akatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama. "Baba, Deus hakuuawa na papasi. Aliuawa na hewa ya mkaa. Jiko niliwasha mimi, uliniagiza wewe, na udongo tulipaka wote wawili."

Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kwa kelele zake. Hakupiga kelele. Aliwaambia watoto watoke nje wakacheze, akangoja wa mwisho atoke.

"Najua," akasema. "Nesi aliniambia siku ile ile, kabla hatujamzika."

Nikamuuliza, na bibi? Uliuangusha msonge wake huku unajua?

"Mama alikuwa mzee, Leonia. Angeishi na jambo lile muda mfupi tu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne."

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini alichagua njia ya mkato. Nilitoka nje, nikawaita wanangu wote, nikawakalisha chini mbele ya dirisha lake, nikawaambia jina kamili la bibi yangu na alichomfanyia Deus siku zile sita, na nilisema kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa ndani.