Mota ya Kelele

Jina lake la kwao lilishasahaulika pale karakana. Kila mtu alimwita Sikio, na yeye jina hilo alilivaa kwa maringo kama koti la harusi. Kazi yake ilikuwa kuendesha ile mashine ya kompyuta ya kuchonga mbao: meza pana, mota imening'inia juu yake, na kisu chembamba kinachozunguka kwa kasi kikikata maua kwenye milango ya makabati. Watu hudhani mashine ya namna hiyo inajiendesha yenyewe. Wapi! Kompyuta inajua njia tu, haijui kama kisu kimechoka. Aliyejua ni Sikio. Kwa plaiwudi yenye ngozi laini alifunga kisu kinachokandamiza chini, ngozi isichanike. Kwa ubao mgumu alifunga kile kinachotupa vumbi juu, kisije kikajiunguza. Kisha alisimama pembeni, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Kisu kikali kilikuwa na sauti moja nyororo. Kikianza kuchoka, ndani yake kulichomoza mluzi mwembamba, na hapo Sikio alizima mashine kabla kisu hakijakatika.

Vizuia kelele hakutaka hata kuviona. Mkewe, aliyefanya kazi humo humo akipiga msasa milango iliyochongwa, alivivaa vyake kutwa, vyekundu, wala hakuona haya. Sikio alimcheka. "Mimi nikiziba masikio, nitasikiliza kwa pua?" Watu wakacheka naye. Haya, wakacheka miaka nenda miaka rudi, na mashine nayo ikawa inamla masikio taratibu bila kumwomba ruhusa.

Alianza kuukosa ule mluzi mwembamba. Zikafuata sauti za watoto wakizungumza chumba cha pili. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, maana Sikio asiyesikia ni nani? Ni mzee wa kufagia vumbi. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Nyumbani alijifanya amechoka, kazini akajifanya ana mawazo.

Ndipo mota ya zamani ikafa. Bosi, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, akamwita muuzaji, naye akaja na mota mbili zenye nguvu sawa. Moja ilipozwa kwa maji yanayopita kwenye bomba, nyingine kwa feni.

"Chagua wewe, Sikio," Bosi alisema. "Wewe ndiye utakayeishi nayo."

Muuzaji akafunga ya maji kwanza. Sikio akainamisha kichwa kama kawaida yake, akangoja iwashwe. Akangoja weee. Kumbe kile kibanio kinachokamata kisu kilishakuwa kinazunguka mbele ya macho yake!

"Unaona ilivyotulia?" muuzaji alisema. "Kwa hii utasikia kisu chenyewe."

Ya feni ilipowashwa, ilipiga kelele mpaka Mrefu, yule mshika mbao, akaziba masikio kwa viganja. Sikio aliisikia. Aliisikia barabara, na moyo ukamtulia.

"Hii hii," akasema. "Maji na umeme havikai nyumba moja. Bomba likipasuka, tutaogelea humu."

Bosi akakubali. Nani abishane na Sikio mambo ya mota? Mkewe aliacha msasa, akamtazama kwa muda, kisha akaendelea na kazi yake.

Sasa niambie, mtu mzima na akili zake! Alichokuwa anakisikia ni feni. Kisu kilichokuwa chini ya feni hakukisikia hata chembe, na fundi wa siku nyingi kama yeye hakuhitaji kufundishwa hilo. Alilijua. Akajikausha, siku zikaenda roho ikiwa juu juu.

Lakini mambo hayakuharibika. Kulizuka mtindo mpya pale karakana: mkewe alikuwa anaacha msasa, anamjia na kikombe cha maji, anamgusa bega. "Baba Watoto, pumua kidogo." Sikio anazima mashine, anakunywa, na kwa kuwa imeshazimwa, anapitisha kidole kwenye kisu. Kimechoka kweli. Anafunga kingine.

"Mzee bado umo," Mrefu alimsifu. "Ila mama anakudekeza, hata maji hujichotei."

"Wivu huo," Sikio alimjibu, na moyoni akaanza kuamini kwamba labda mwili wenyewe unajua, masikio au bila masikio.

Kilichomkera kilikuwa kimoja. Nyumbani, mkewe alikuwa ameanza kusema kwa sauti kubwa.

"Mbona unanifokea?"

"Nani anafoka?"

Zamani Sikio alikuwa akipandisha redio, mkewe anaishusha. Sasa hakuna aliyeishusha, na jirani akawa anagonga ukuta.

Siku yenyewe walikuwa wanachonga mlango wa mbao ngumu, kisu kirefu kikizama ndani. Hakuna aliyekuja na maji. Sikio alisimama pale, kichwa ameinamisha, akiisikiliza feni, na kisu kikakatika. Kipande kiliruka kikamkwaruza Mrefu shingoni, kikagonga ukuta. Mrefu akakaa sakafuni, mkono shingoni, damu ikimpenya vidoleni.

"Ni kidogo tu," alisema. "Kidogo tu, mzee."

Sikio akazima mashine. Karakana ilinyamaza yote, isipokuwa msasa. Mkewe alikuwa amewapa mgongo, anaendelea kusugua. Sikio akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena kwa nguvu zake zote. Akamfuata, akamgusa bega, na hapo mkewe akageuka, akamwona Mrefu pale chini, akaangusha msasa.

"Sikukisikia," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya nyumbani. "Juzi nilikisikia kwa mbali. Leo hata kwa mbali hakuna."

"Hukusikia nini?"

Alimtazama midomo kwanza. "Kisu. Nilikuwa nakusikilizia kisu, Baba Watoto. Tangu siku ile uliposimama kungoja mota iwashwe, na ilikuwa imeshawashwa."

Juu ya meza ya mkewe, kwenye msumari, vilining'inia vile vizuia kelele vyekundu. Vumbi lilikuwa limevifunika mpaka wekundu hauonekani. Sikio alikuwa akipita hapo kila siku ya Mungu.

Bosi alitoka ofisini mbio, akamfunga Mrefu kitambaa shingoni, kisha akauliza kulikoni. Sikio hakuwa na pa kujificha tena.

"Mota hii niliichagua kwa sababu sisikii," alisema. "Ile ya maji sikuisikia. Nikaona aibu kusema."

Bosi akamtazama yeye, akamtazama mkewe. "Na mama naye ndivyo alivyo?"

"Hapana. Mke wangu alikuwa mzima. Alikuwa anasikia kila kitu."

"Mnasemaje?" mkewe akauliza, nyuma yake.